Nati ya Difu Yenye Sumaku

Jumatano jioni, Julai

Na oili mpya tumeshatia, lakini roho bado haijatulia. Nati ya chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, ilidondoka jana njia ya Mollo; oili ikamwagika yote, pikapu yetu ikatembea kavu mpaka nyumbani. Leo mimi na mume wangu Deo tumeenda dukani. Siku hizi spea zimejaa. Muuzaji alituwekea nati mbili: moja ya kawaida, nyingine ina sumaku ya kunasa vipande vya chuma.

"Tuchukue ya kawaida," Deo alisema.

"Ya sumaku itatuonyesha kama meno ya gia yameumia."

"Ndiyo maana siitaki. Nikijua, nitamshushaje mama yako hadi kwake Muze?"

Kumbe na yeye anaogopa ule mteremko mkali wa kushukia Muze. Nikachukua ya sumaku.

Fundi aliifunga, tukazunguka hadi Pito na kurudi, kisha akaifungua. Ilikuwa imenasa kipande kikali cha jino.

"Mlimani msishuke na difu hili," alisema.

Mama yangu anaumwa, anataka kufia kwake. Nilimwambia safari haipo. Alifungua furushi lake la safari, akaanza kutoa kanga moja moja.

Sijui kama nimemwokoa au nimemnyima.