Mume Wangu Aliigiza Mfalme Leo

Kyuso, Jumapili, Septemba 1988.

Jua limekuwa kali tangu asubuhi, na upepo umejaza vumbi hadi ndani ya sufuria. Lakini si joto linalonitoa jasho. Ninaogopa.

Leo baada ya ibada tulikuwa na mchezo wa kuigiza kanisani. Mume wangu, Mutua, alikuwa mfalme mwenye kiburi, yule anayeambiwa adui yuko mlangoni na bado anawafukuza wanaomwonya. Aliigiza vizuri mno. Watu walicheka mpaka machozi. Alipoanguka pale mbele akajifanya amekufa, nilipiga yowe. Wakadhani nami nimo mchezoni, wakanipigia makofi.

Sikuwa naigiza.

Wiki iliyopita mwethya, kile kikundi chetu cha majirani tunaosaidiana kazi kwa zamu, kilikuja kutuchimbia kisima kwenye mchanga wa mto uliokauka. Shimo lilipopita kimo cha mtu, kuta zikaanza kumomonyoka. Kilonzo, mdogo wake Mutua, akasema watoke kwanza, wakakate miti ya kuzizuia. Alisema kwa heshima kabisa. Mutua akawaka mbele ya wote.

"Mimi siwezi fundishwa kuchimba na mtoto wa juzi! Mwenye anaogopa aende nyumbani."

Wakaenda, wote. Na kwa desturi yetu hawarudi mpaka aliyewatukana aombe msamaha mbele yao. Mutua amwombe msamaha mdogo wake? Thubutu.

Tangu siku hiyo anachimba peke yake, mimi navuta ndoo juu. Jana ukuta ulimwangukia ukamfunika hadi kiunoni. Alijinasua, akajikung'uta, akacheka. Nikimwambia neno ananiuliza tangu lini wanawake wakajua visima.

Na huyu huyu, alipokuwa akikariri maneno yake ya mchezo, aliniambia mfalme yule ni mjinga sana!

Saa hii amejinyoosha kivulini, anakoroma. Kesho asubuhi anarudi shimoni.

Nimeamua. Kabla hajaamka nitakwenda kwa Kilonzo aite mwethya, niwapigie magoti, niombe msamaha kwa niaba ya mume wangu. Hapa kwetu huko ni kumvua mwanamume nguo hadharani. Anaweza kunirudisha kwa mama yangu.

Na anichukie. Bora anichukie akiwa juu ya mchanga.