Aliyetutafsiria Televisheni

Korogwe,
4 Januari 1998

Dada Zuhra, shikamoo.

Leo ni miezi miwili na siku saba tangu niondoke Ujiji. Mimi mzima, ila mikono. Jani la mkonge lina mwiba nchani, na mgeni huchomwa kila siku mpaka ajifunze namna ya kusimama. Nakata, nafunga majani thelathini thelathini, nabeba mpaka kwenye reli ya shamba. Waha ni wengi hapa, wengine wajukuu wa waliokuja zamani. Jioni wanaongea Kiha chao nami nakaa kama kiziwi, maana sisi wa Ujiji Kiha chetu ni cha kuombea maji.

Baba anaendeleaje? Anafunga, au mmemkataza?

Juzi nilifuturu uji na kiazi, nikaikumbuka televisheni yetu. Unakumbuka baba alivyoileta kwa boti kutoka Bujumbura, ameiviringishia godoro? Sikukuu ikifika anaazima betri ya gari, mimi napanda juu ya bati kuuzungusha mlingoti wa antena, wewe unasimama mlangoni: "Imekuja! Imekwenda! Rudisha!" Marehemu mama alikaanga visheti Idi, akakaanga tena Krismasi, kwa sababu Krismasi stesheni ya Kirundi ya ng'ambo ilionyesha yule mzee wa sanamu za kuchezeshwa na mbuzi wake mkaidi. Watoto mkeka mzima, wa msikitini na wa kanisani, na Elia wa mama Veneranda mbele kabisa akitueleza mbuzi amesema nini. Sijacheka tena vile.

Idi hii nani atapanda? Baba asipande.

Mdogo wako,
Nuhu


Ujiji,
2 Februari 1998

Mdogo wangu Nuhu, marahaba.

Sisi wazima, baba nusu nusu. Miguu imevimba, na kumbukumbu inakuja na kuondoka kama ile picha yetu. Idi tumeimaliza Ijumaa. Baba aliamka akidai televisheni, basi shemeji yako Khalfani akapanda, akazungusha mlingoti mpaka jasho likamtoka. Chenga tupu kwenye kioo, hakuna picha. Baba akazikodolea macho zile chenga, akasema, "Mwiteni Elia atuambie wanasemaje."

Mama Veneranda alikuwa mlangoni, ameleta bakuli la ndizi. Alisikia. Aliliweka bakuli chini akaenda zake.

Nuhu, barua yako nimeisoma mara tatu. Elia yumo akitafsiri mbuzi, lakini hujauliza yuko wapi. Yuko bado kwenye kambi ya wakimbizi, tangu askari walipokusanya Warundi wakamchukua pale sokoni Katonga mwezi wa kumi, na wewe ulikuwa hujaondoka. Mtu aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama yake alipokimbia Burundi mwaka sabini na mbili hata mimba yake hakuwa nayo. Afisa wa uhamiaji amemwambia mama huyo alete mtu mzima aliyekua na Elia, aje aseme kwa mdomo wake kwamba huyu ni wa hapa. Amezunguka mtaa mzima. Wanaogopa wasije wao wakaulizwa babu zao walitoka wapi, na Ujiji hii nani babu yake hakutoka mahali?

Wanasema kuna mtu aliropoka sokoni kwamba Elia ni Mrundi. Wewe siku zile ulikuwa Katonga ukianika dagaa. Ulimsikia nani?

Njoo, hata kwa wiki moja.

Dada yako,
Zuhra


Korogwe,
19 Aprili 1998

Dada Zuhra, shikamoo. Baba mpe shikamoo yake.

Barua yako imechelewa. Mvua zimevunja reli, na barua zote zimelala njiani. Nilikusudia kuja Idi ya kuchinja, nikaomba ruhusa, msimamizi akakataa. Nikaona basi, nitakuja nyingine.

Hapa kwenye bwalo kuna televisheni kubwa ya rangi. Siku ya Idi walionyesha watoto wakisoma kasida, wamevaa kanzu mpya, kisha taarabu mpaka jioni. Picha safi, haitikisiki. Hakuna wa kupanda juu ya bati, hakuna wa kupiga kelele mlangoni, na kila kitu ni Kiswahili, kila mtu anaelewa. Nilikaa mbele kama zamani. Kabla hawajamaliza nikanyanyuka nikaenda kulala.

Ule mlingoti msiukate kuni. Na visheti vya mama, wewe uliona alivyovipika. Ni iliki peke yake au alitia kitu kingine? Mama mmoja wa hapa amejaribu, havikuwa vile.

Habari za sokoni mimi sizijui.

Mdogo wako,
Nuhu


Ujiji,
11 Mei 1998

Nuhu,

Marahaba. Visheti ni iliki peke yake.

Mama Veneranda alipokosa mtu alikuja kumwomba baba. Tulimvalisha kanzu, Khalfani akamshika mkono mpaka kwa afisa. Afisa akamuuliza unamjua Elia. Baba akafurahi. Akasema, "Elia wa televisheni? Huyo ndiye aliyejua Warundi wanasema nini. Bila yeye tungekuwa tunatazama midomo tu." Afisa akaandika. Mama Veneranda alirudi amejifunika khanga usoni.

Sasa nataka nikuulize vizuri. Afisa alipokuwa anaandika, alimwambia Khalfani kwamba hadithi hiyo ya televisheni wanayo tangu mwezi wa kumi. Ile televisheni ilikuwa yetu. Nani mwingine anaisimulia?

Dada yako,
Zuhra


Korogwe,
28 Juni 1998

Dada Zuhra, shikamoo.

Nimeshika kalamu hii tangu barua yako ilipofika. Ni mimi.

Ilikuwa Katonga, asubuhi, tumemaliza kuanika. Watu walikuwa wanabishana utamtambuaje Mrundi na Muha wakati lugha zao ni ndugu. Mmoja anasema kwa pua, mwingine kwa namna anavyohesabu vidole. Mzaha mtupu. Elia alikuwa amekaa kwenye debe, anakunywa chai. Mimi nikataka kuchekesha. Nikasema nyie hamjui kitu, sisi utoto wetu wote tulikuwa na mkalimani nyumbani. Nikawasimulia mlingoti, betri, mzee na mbuzi. Nikaigiza sauti ya mbuzi. Walicheka, dada. Hujawahi kuona watu wanacheka vile sokoni.

Elia akaniambia taratibu, "Nuhu, ongea habari nyingine."

Nilimsikia. Lakini watu walikuwa wanataka zaidi, nikawapa. Nikasema, na ile televisheni ikionyesha vilima huyu analia, machozi mpaka kwenye kisheti.

Palikuwa na mtu amesimama na kifurushi cha dagaa. Nilidhani mnunuzi. Akauliza, "Vilima vya wapi?"

Nikasema, "Vya kwao."

Siku mbili baadaye walikuja na gari, na yule mtu alikuwa ndani. Elia alipandishwa bila kofia. Alinitazama. Hakunitukana, na mimi nilijifanya nageuza dagaa. Ile kazi ya mkonge niliyowaambia nimeipata, sikuwa nimeipata. Nilikimbia nikaikuta huku.

Nilipokuwa nakuandikia habari za zamani nilikuwa nakumbuka kweli. Lakini kila nikikumbuka yeye yumo, na kila akiwemo nasikia "ongea habari nyingine".

Mwambie mama Veneranda, au nyamaza, utakavyoona wewe.

Mdogo wako,
Nuhu


Korogwe,
27 Desemba 1998

Dada Zuhra, shikamoo.

Ni mwaka mmoja na miezi miwili tangu niondoke, na miezi sita tangu nikuandikie yale. Hukujibu. Mwezi wa tisa nilikwenda kila wiki kuulizia barua, kisha nikaacha. Sijui kama baba yupo. Sijui kama Elia ametoka. Naandika hivyo hivyo.

Wiki iliyopita, tukingoja kufuturu, Waha waliimba wimbo wao wakacheka. Kijana mmoja wa Pangani akaniuliza, "We wa Kigoma, wanasema nini hao?" Niliona aibu kumwambia sijui. Nikamtungia. Nikasema wanaimba juu ya mume aliyechapwa na mwiko. Akacheka, akataka tena, nikamwongezea. Wenyewe waliendelea kuimba.

Nikashindwa kula. Kuna jambo nilikuwa nimelizika. Tulikuwa na miaka kumi na mbili, tunaogelea nyuma ya gati, nikamuuliza Elia, mbona mwaka jana mbuzi alikwenda sokoni, na mwaka huu picha ni ile ile lakini mbuzi amekwenda harusini? Akazama, akaibuka mbali kidogo, akasema, "Sijui wanasema nini, Nuhu. Mama hajawahi kunifundisha Kirundi, anaogopa. Nyie mliniambia nitafsiri, nikatafsiri." Na vilima? Akasema alilia kwa sababu mama yake alikuwa analia nyuma yake. Akaniapisha nisimwambie mtu, watoto wasije wakamcheka.

Kiapo hicho ndicho nilichokitunza. Kumbe cha kutunza kilikuwa kingine.

Dada, hakuna mwingine duniani anayelijua hilo, ila mimi na yeye. Akilisema mwenyewe wataona anajitetea. Mimi nitamwambia afisa kwamba hadithi aliyoiandika niliisimulia mimi, na niliisimulia nikijua si kweli. Wakinishika na mimi wanishike. Kama Elia amekwisha kutoka, basi nitalisema mbele ya mama yake.

Msimamizi ameniambia nikiondoka nafasi yangu haitanisubiri. Nimemrudishia panga lake.

Baba kama yupo, mwambie nakuja, mlingoti nitaushika mimi. Kama hayupo, usiniandikie, kaburi nitalikuta.

Naondoka Dar es Salaam kwa treni ya Ijumaa, tarehe 8 Januari. Nitashuka Kigoma Jumapili tarehe 10, Mungu akijalia. Usije stesheni. Nitaanzia nyumba ya tatu, nigonge, na mama Veneranda akinifungulia au asiponifungulia, Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa nimesimama kwa afisa.

Mdogo wako,
Nuhu