Nyumba Zilizopisha Mpira

Longech, kwa njia ya Lodwar

Mke wangu mpendwa, Mama Rebeka,

Ejok! Ndivyo tunavyoamkiana huku. Goti lako linaendeleaje? Mahindi yameota? Mimi ni mzima, ila upepo umenikausha ngozi.

Najua unanitarajia mwisho wa mwezi, kwa kuwa kazi yangu ya ualimu imekwisha. Sitafika. Nisikilize kabla hujakasirika.

Mwaka huu ziwa limepanda. Mchanga uliotuunga na nchi kavu umezama, na Longech sasa ni kisiwa. Vijana wetu huvuka kwa mitumbwi na kusafiri hadi Lodwar kucheza mpira. Hakuna timu iliyowahi kuja kwetu. Ofisa wa michezo aliniambia, "Mwalimu, pale kwenu ni pa kuanikia samaki tu. Mkipata uwanja wa urefu kamili, nitawaletea timu." Nikampa mkono.

Basi nikapima. Huku maji, kule nyumba. Kila nikivuta kamba, uwanja unapunguka. Nikajaribu hata mshazari. Ndipo Nakiru, mama muuza samaki, akaikanyaga kamba yangu.

"Mwalimu, wewe napima napima kila siku. Nini inazuia hii mpira?"

"Nyumba zenu, mama."

Akacheka mpaka wenzake wakaja. "Nyumba ni mlima? Kwenu nyumba inaota mizizi?"

Unajua, kwetu nyumba ikisimama imesimama. Huku ni ya makuti ya mkoma, na mjenzi wake ni mwanamke. Akitaka kuhama, huihamisha. Mimi sikuwaza hata kuuliza. Jioni ile Nakiru aling'oa yake, na wenzake wakafuata, wakigombania mahali pa kuzisimika upya. Mmoja akapaza sauti:

"Nyuma ya goli mimi sitaki! Hawa watoto watafunga mpaka kwa sufuria yangu!"

Uwanja umetimia. Lakini ziwa linaumega upande mmoja, kwa hiyo kila asubuhi tunavusha mawe kutoka bara na kuyapanga ukingoni. Timu ya Lodwar inakuja mwezi ujao. Siwezi kuwaacha wanawake waliong'oa nyumba zao, halafu maji yaumeze uwanja mimi nikiwa barabarani. Mchezo ukiisha, nitapanda gari la kwanza.

Nisalimie mama mkwe, na mdogo wangu seremala, na binti yetu Rebeka. Mdogo wangu akikuuliza kama tutashinda, mwambie sijui. Lodwar ni wakali. Lakini safari hii, tukifungwa, tutafungwa kwetu.

Nivumilie kidogo.

Mumeo,
Baba Rebeka