Bunduki Utakayoweza Kuiachia

Mjukuu wangu Salim,

Assalaam alaykum. Huku Maskat sote wazima, na bibi yako anauliza kama unakula vizuri. Nnaona umetaka shauri langu ununue bunduki gani ya mshale ya kuvulia samaki, na pesa si nyingi.

Ujanani, miaka ya sitini, yangu ilikuwa rahisi, ya mbao na mipira. Rafiki yangu Nasor alinunua ndefu inayong'aa, ghali wallahi. Siku moja tukazama na mitungi ya hewa karibu na Darsait, pwani ya hapa Maskat, akampiga chewa mkubwa. Chewa akakimbilia pangoni na mshale, kamba inayofunga mshale na bunduki ikakwama kwenye jabali. Hewa inamwishia, naye kaing'ang'ania bunduki! Nikambandua vidole, nikamvuta juu.

"Umenipotezea bunduki yangu!" akanipigia kelele, anahema.

"Haya, rudi kaichukue," nikamwambia. Tukacheka mpaka tukameza maji ya chumvi.

Basi nunua fupi, ya mipira, ambayo mkono wako hautaona tabu kuiachia. Nasor huyo ndiye babu yako, mzaa mama yako. Nisingembandua vidole siku ile, leo ningemwandikia nani?

Nakupenda,
Babu yako