Miguu Iliyonifungia Kidato cha Tatu

Meru,
24 Machi 2024

Mama mpendwa,

Pokea salamu za upendo kutoka huku kwenye baridi. U hali gani? Mgongo umepata nafuu, au bado unakusumbua ukiinama kupalilia? Nasikia huko Siakago mvua imeanza kunyesha, nami nimefurahi kwa ajili ya pojo na kunde zako. Mimi ni mzima. Mdogo wangu Mbaka pia ni mzima, amerefuka mpaka suruali ya shule inaishia juu ya vifundo.

Barua hii inaletwa na rafiki yangu Winrose, aliyeruhusiwa kuja huko kumzika nyanya yake. Sikuipitisha ofisini kwa sababu barua zetu husomwa kabla ya kutumwa. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Desemba uliniuliza kwa nini mapaja yangu yamekuwa kama ya mwanamume, nikacheka tu. Ni mazoezi ya kocha wetu, Mwalimu Gitobu. Ananiwekea chuma mabegani, nachuchumaa nacho, nainuka. Nikimaliza naruka juu ya masanduku, halafu nafungwa kamba kiunoni nikimbie nikivuta gurudumu la lori. Mwanzoni nilishindwa hata kushuka ngazi za bweni, Winrose akawa ananishika mkono kama mgonjwa. Kocha alisema mguu ukiisukuma ardhi kwa nguvu zaidi, ardhi nayo inakutupa mbali zaidi. Sikumwamini. Lakini ni kweli, mama. Katika mchezo wa kuruka mbali nilikuja hapa nikiruka mita nne na kitu, sasa napita tano na nusu. Kwenye mbio fupi, wenzangu wakiwa bado wanainua vichwa, mimi nimeshawaacha. Siwezi kukudanganya, naupenda sana ule muda mfupi nikiwa hewani.

Tatizo ni nikishuka. Mwaka jana mwalimu mkuu alikuandikia kwamba nirudie Kidato cha Tatu kwa sababu masomo yamenilemea. Hayakunilemea. Nilikuwa wa nne darasani. Mwaka huu nimerudishwa tena darasa lile lile, na wewe hukuambiwa. Nina miaka ishirini, nakaa na watoto wanaoniita shosho, kama nyanya yao, wakidhani sisikii. Mwanafunzi akimaliza Kidato cha Nne anaondoka, na mwalimu mkuu hataki niondoke, maana nitaondoka na vikombe ninavyoishindia shule. Kadiri miguu yangu inavyopata nguvu ndivyo anavyozidi kunishikilia.

Januari nilikwenda kumwomba anipandishe. Alinijibu kwa upole, huku akikoroga chai yake: "Jedidah, ndugu yako anasoma hapa bila karo. Unataka nimrudishe nyumbani?" Nikatoka ofisini, nikaenda moja kwa moja kubeba chuma.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nikuandikie. Alhamisi tulikuwa uwanja wa Kinoru kwa mashindano ya kanda. Labda umeshaambiwa kwamba sikushinda, kwamba nilikosea. Mama, sikukosea. Pale tunaporukia pana ubao mweupe. Ukiupita hata kwa ncha ya kidole, bendera nyekundu inainuliwa na mruko wako hauhesabiwi. Niliupita mara zote tatu, na kila mara nilifanya makusudi. Niliwaza kwamba nikishindwa hawatanihitaji tena, watanipandisha nifanye mtihani niende zangu. Mruko wa tatu niliuruka kwa nguvu zote nilizo nazo, kwa kuwa nilijua ni wa mwisho. Nilikwenda mbali kuliko nilivyowahi kwenda, watu wakasimama wakipiga kelele. Bendera ikapanda. Mchanga ukasawazishwa kwa reki, na hakuna aliyepima.

Nilimtazamia kocha aje kunigombeza. Alikuja akicheka, akanishika bega. Alisema miguu imepata nguvu mno, hatua zimerefuka, ndiyo maana naufikia ubao mapema. Atanisogeza nyuma kidogo mahali pa kuanzia mbio, na mwakani hakuna msichana atakayenikaribia. Mwakani, mama! Nilikaa pale mchangani, miguu hii yote yenye nguvu ikakataa kuniinua.

Jana nilimweleza Mbaka kila kitu, tukiwa nyuma ya jikoni. Nadhani nilitaka aniambie nivumilie. Alichimba chini kwa kiatu, kisha akasema, "Dada, mimi sikukuomba uruke kwa ajili yangu. Twende nyumbani." Alikuwa analia. Mimi ndiye niliyekuwa nimeogopa miezi yote hiyo, kumbe yeye hata hakujua kwamba ameshikwa rehani.

Lakini hatuwezi kutoka getini bila mzazi. Njoo wewe mwenyewe. Usimtume Mjomba Salesio, kwa sababu atakaribishwa soda, atapigwa picha na vikombe, na atarudi peke yake. Wewe pia watakuonyesha hivyo vikombe. Vitazame, washukuru, kisha useme umekuja kuchukua watoto wako. Tukikosa shule nyingine nitasoma nikiwa hapo nyumbani. Kesho kocha akinyanyua chuma kile aniwekee, nitamwambia hapana, na yatakayofuata nitayabeba mpaka ufike.

Nisalimie majirani wote, na umwambie Dada Marcella nimemkumbuka sana pamoja na mtoto. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi binti yako anayekungoja,
Jedidah