Pumzi ya Tangi, Karibu na Keroka

Baba mpendwa, shikamoo.

Pumzi ya tangi ni kitundu cha kifunikoni kinachoingiza hewa kadiri petroli inavyopungua. Karibu na Keroka, pikipiki yako kuukuu, ambayo Kaka anataka iuzwe kama chuma chakavu, ilizimika mvuani nikielekea Kericho. Nilikagua plagi, kisha kabureta, vyote safi. Mama mmoja mwendesha bodaboda akasimama, akacheka: “Dada, wewe ukifungwa nailoni mdomoni na puani, utafika Kericho?”

Nikaifungua nailoni niliyoikaza juu ya kifuniko, kama ulivyonifunza, kuzuia mvua. Tangi likavuta hewa, injini ikanguruma, tukapanda mlima bila kukohoa. Naionea fahari, Baba, usimkubalie Kaka. Mungu akutunze.

Je, ulipoiegesha moja kwa moja kwa kuwa ilizimika kila mvua iliponyesha, iliwahi kuwa mbovu hata siku moja?

Binti yako,
Achieng