Mama, Nilikuvua Kitambaa

Mama yangu,

Nimepata ujasiri wa kukuandikia sasa kwa kuwa barua hii hutaisoma. Ungekuwa hai ningekupigia simu nikuulize kama umekula, kisha nikate kabla sijalisema neno lenyewe.

Unakumbuka Jumapili za Makongeni? Wewe na watu wa kanisa lako mlipita katikati ya nyumba na kanzu nyeupe, msalaba mwekundu kifuani na mwingine kwenye kitambaa cha kichwa, ngoma ikitangulia. Wewe ndiye uliyeimbisha. Mimi nilijificha dukani nyuma ya kreti za mkate, kwa sababu shuleni waliniita mtoto wa wale wa ngoma. Siku moja uliniona. Hukunigombeza, ulinunua mkate, ukanipa niubebe, tukafuatana na watu wako mpaka kanisani. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Na kwako dini haikuwa ya Jumapili tu. Kitambaa ulikwenda nacho kiwandani ulikofagia, sokoni, na hospitali ulikoenda Jumamosi kuwaona wagonjwa usiowajua. Ukitaka kuomba ulivua viatu kama mlivyozoea huko kwenu Vihiga, hata tukiwa kwenye steji ya magari. Nilipokuambia watu wanatuangalia, ulijibu, "Waache waangalie, macho ni yao."

Halafu mimi nikapata kazi Ruiru, nikapata nyumba yenye vigae, nikampata Ndung'u wa kunioa. Watu wa kwao Ngoingwa walipotaka kuja tujuane, nilikuambia tuwapokee kwangu, kwako ni padogo. Ulikubali. Nikaongeza, "Mama, siku hiyo usivae kitambaa. Siku moja tu. Hawa ni watu wa kanisa la kawaida."

Uligusa kitambaa kichwani. Kisha ukasema, "Sawa, mwanangu. Nivae nini basi?"

Nilikununulia wigi. Ulikaa kwenye sofa yangu na hilo wigi ukiwa umeshikilia mkoba magotini, na kila mamake Ndung'u, mama mkwe wangu, alipokusemesha ulijibu kwa sentensi moja. Chakula kilipowekwa, alikugeukia wewe kama mwenyeji: "Mama, tuombee chakula." Ukanitazama. Mimi nikatazama sufuria ya pilau. Ukasema, "Wacha mgeni aombe." Wewe, mama, uliyeombea hata kuku wa jirani! Wakati mgeni akiomba nilifungua jicho moja, nikaona miguu yako chini ya meza. Ulikuwa umevua viatu polepole, mtu asijue.

Nilishukuru tu kwamba kitambaa cha meza kilikuwa kirefu.

Miezi minne baadaye presha ikakuchukua. Kanisa lako walikuvika wenyewe, kanzu na kitambaa chako kile kilichofifia msalaba. Watu wa Ngoingwa walikuja, wakapanga foleni kukuaga. Mama mkwe alipofika kwenye jeneza alisimama, akashika ubao.

"Ngai! Mungu wangu, kumbe ni huyu?"

Alinivuta kando akanieleza huku akilia. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita alikuwa wodini na kasichana kake, dadake Ndung'u, ambaye mimi nilijua tu kwamba alifariki mdogo. Mama mmoja wa kitambaa cha msalaba alikuja, akavua viatu kando ya kitanda, akaomba. Mtoto hakupona. Wengine waliomba wakaenda zao. Huyo alibaki ameketi naye sakafuni mpaka mwili ukaondolewa. "Sikumuuliza jina," akasema. "Nimemtafuta sana. Kila nikiona kitambaa kama hicho kwa barabara, naangalia uso. Na nimekula naye kwa meza yako, mara hiyo moja, na sikumjua!"

Mama, alikukosa akiwa ameketi mbele yako, akikupakulia nyama. Shukrani aliyokuwekea miaka yote hiyo aliitoa kwa maiti. Mimi ndiye niliyemnyima, na wewe pia nilikunyima kuisikia. Nilidhani nakufichia aibu, kumbe aibu ilikuwa yangu peke yangu. Siku hizi nikisikia ngoma kwa mbali Jumapili nasimama dirishani, na hainisaidii chochote.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Siku ile ile, kabla hajaniachia mkono, mama mkwe aliniuliza, "Lakini siku ile kwako, mbona hakuwa amevaa?"

Nikamwambia, "Sijui, mama. Labda kichwa kilikuwa kinamuuma."

Akanihurumia. Akasema, "Pole, alikuwa ameanza kuugua na hatukujua." Tangu hapo anawasimulia watu hivyo, kanisani kwao na kwa jamaa wote, na mimi nikiwa pale huitikia kwa kichwa.

Nimejiahidi kwenda Ngoingwa kumwambia ukweli. Jumapili tatu zimepita. Leo nilifika mpaka getini kwake, nikamsikia akiimba jikoni, nikageuka nikarudi.

Lala salama, mama.

Ni mimi, binti yako